Kusudi la Maisha Penye Maji Yahamayo

Kijana asomaye shuleni huulizwa mara nyingi swali moja: Utakuwa nani? Mwalimu humwuliza, mjomba humwuliza, na mgeni aliyekuja kutoa zawadi siku ya wazazi humwuliza pia. Majibu yake hujulikana kabla ya kutamkwa. Atakuwa daktari, au mhandisi, au rubani, au wakili. Ni majibu mema, wala simcheki ayatoaye. Lakini swali lenyewe lina kasoro. Lauliza habari za cheo, nalo lajifanya kuwa limeuliza habari za maisha. Mtu aweza kuwa daktari tangu ujana wake hata mvi zikamjaa kichwani, asitambue hata siku moja alikuwa daktari kwa ajili ya nini.

Basi, msomaji wangu, katika kurasa hizi nataka tulitazame swali la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza: maisha ya mtu yatumike kwa kusudi gani, na imani ya Kikristo ina neno gani la kusema juu ya kusudi hilo? Sipendi kulijibu hewani, kwa kuwa maneno makubwa yasiyo na mahali pa kukanyaga hupeperuka kama makapi. Nitakupeleka mahali panapojulikana, tuone mambo yaliyotendeka huko, ndipo tuulizane.

Mahali penyewe ni Ghuba ya Ferguson, katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana, karibu na mji mdogo wa Kalokol, safari ya kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Ziwa hili Wazungu waliliita Rudolf tangu Teleki na von Höhnel walipolifikia mwaka 1888, na Kenya ikalipa jina la wenyeji wake mwaka 1975. Urefu wake wapita kilomita 250, lakini kwa habari yetu jambo kubwa si urefu. Maji yake mengi, yapata sehemu tisa katika kumi, huletwa na Mto Omo utokao Uhabeshi, na ziwa halina mto hata mmoja uyatoao. Yaingiayo hukaa humo, ila yale yachukuliwayo na jua, nayo ni kimo cha zaidi ya mita 2 kila mwaka. Kwa hiyo mvua ikikosekana katika milima ya Uhabeshi, ziwa hushuka. Na katika ghuba, ambayo ni mkono wa maji usio na kina, uliokingwa na ulimi wa mchanga uitwao Longech, maji yakishuka kidogo tu ufuko huhama mbali sana. Palipofungwa mashua huwa mchanga wa kupita mbuzi. Wazee wa huko wayajua hayo kama wazee wa Lamu wajuavyo kupwa na kujaa, isipokuwa kupwa kwa Turkana huweza kudumu miaka.

Mturkana wa asili ni mfugaji. Utajiri wake ni ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na heshima yake huenda pamoja na kundi lake. Samaki aliliwa, lakini uvuvi ulihesabiwa kuwa kimbilio la mtu aliyefilisika mifugo. Mwaka 1961, baada ya ukame mkali, njaa iliwaangusha wengi katika hali hiyo kwa mara moja. Serikali ya kikoloni ilifungua kambi za chakula, na penye ghuba watu wakafundishwa kuvua kwa nyavu ili wajilishe wenyewe. Fikiri moyo wa mtu yule, msomaji. Jana alikuwa mwenye kundi, akiitwa kwa jina la fahali ampendaye. Leo asimama majini hata magotini, ameshika wavu asioujua, akingoja chakula ambacho baba yake alikihesabu kuwa chakula cha maskini.

Kabla ya wakati huo wilaya ya Turkana ilikuwa imefungwa. Mgeni hakuingia ila kwa ruhusa ya serikali, na wamisionari hawakupewa nafasi. Njaa ndiyo iliyofungua lango. Wakaingia watu wa Africa Inland Mission, na mapadre Wakatoliki wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Kiltegan, nchi ya Ireland, mwaka 1932. Injili na unga wa msaada viliingia kwa lango moja, karibu wakati mmoja. Lishike jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Uvuvi ulistawi kwa muda. Ghuba ilikuwa na ngege wengi, na nje yake ziwani walivuliwa mbuta wakubwa. Wavuvi wakaunda chama chao cha ushirika. Ndipo ilipokuja kusaidia serikali ya Norway, nchi ijuayo bahari na samaki kuliko nchi nyingi duniani. Barabara ikajengwa kutoka upande wa Kitale hata Lodwar, na pale Kalokol kikasimama kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kilichomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiliendeshwa kwa muda mfupi sana. Kugandisha samaki katika nchi ya joto kama ile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili vilikuwa adimu. Gharama ikaishinda faida. Kisha, katikati ya miaka hiyo hiyo, mvua ikapungua, ziwa likashuka, na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Watu waliokuwa wameiacha njia ya mifugo kwa ajili ya nyavu wakabaki hawana mifugo wala maji. Jengo likabaki limesimama.

Wengi wamelicheka jengo lile, na kucheka ni rahisi kwa aliyekuja baadaye. Mimi siwezi. Waliolijenga walitaka watu wasife njaa, na kutaka hivyo si kosa. Hata mti uitwao mathenge, ambao leo umeziba njia na malisho kwa miiba yake katika sehemu nyingi za Turkana, ulipandwa na watu waliotaka nchi kame ipate kivuli na kuni. Nia njema ilikuwapo. Kilichopungua, kwa maneno ya wengi walioupima mradi wa samaki baadaye, ni kuwauliza Waturkana wenyewe vya kutosha: wataka nini, wajua nini juu ya ziwa lao, na mfugaji aliyepoteza kundi hutamani nini usiku alalapo. Jibu la swali hili la mwisho hata mtoto angalilitoa. Hutamani kundi. Wavuvi wengi walipopata fedha ya samaki walinunua mbuzi.

Katika Injili ya Marko imo habari ya kipofu Bartimayo, aliyeketi kando ya njia ya Yeriko akiomba. Alipoletwa mbele ya Yesu, haja yake ilionekana na kila aliyekuwapo; haikuwa fumbo. Hata hivyo Yesu hakuanza kwa kumponya. Alianza kwa kumwuliza anataka atendewe nini. Nimelitafakari swali hilo mara nyingi kuliko muujiza uliolifuata. Mwenye uwezo asimama njiani kwa ajili ya mwombaji, umati wote ukingoja, ili mwombaji aitaje haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo naiona tofauti iliyopo kati ya kusudi kubwa na kusudi la juu, mambo mawili ambayo vijana, na wazee pia, huyachanganya. Kusudi kubwa laweza kumtazama mtu kama kiwanja cha kujengea. Kusudi la juu humtazama kama mwenye nyumba, ambaye mlango wake hubishwa hodi.

Na hodi si adabu tupu. Ni kazi, tena kazi ngumu. Asemaye kuwa anampenda Mungu, kisha akachimba kisima bila kupima maji, au akafungua shule bila kujifunza lugha ya watoto, ameleta uvivu mbele ya Mungu badala ya sadaka. Imani haimpi mtu ruhusa ya kutojua. Yamlazimu ajue zaidi, kwa sababu watu anaowatumikia si mali yake.

Sasa tuitazame ghuba iliyokauka kwa jicho la pili. Maji yalipoondoka, nani alibaki? Wenye kazi ya samaki hawakuwa na sababu ya kubaki, wala siwalaumu. Kazi yao ilikuwa samaki, na samaki hawakuwapo. Lakini kulikuwa na watu wengine ambao kazi yao haikuandikwa juu ya maji. Makatekista, wachungaji, walimu, wauguzi, mapadre na masista, wengine wageni na wengine wana wa nchi, waliendelea Jumatatu na kazi waliyoiacha Jumamosi. Padre John Mahon wa Shirika la Mtakatifu Patrick alikuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Lodwar lilipofanywa jimbo kamili mwaka 1978, akalitumikia mpaka mwaka 2000. Jimbo lile lilipita katika ukame, kipindupindu na uvamizi wa mifugo. Masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, lililoanzishwa na Mama Mary Martin mwaka 1937, walifanya kazi ya uganga katika Turkana tangu miaka ya 1960. Majina haya yamo katika kumbukumbu. Majina ya makatekista wa Kiturkana waliotembea kwa miguu kutoka boma moja hadi boma lingine aghalabu hayamo, nami nadhani kazi yao haikuwa ndogo kuliko ya askofu.

Chukua mfano mmoja wa kazi hiyo, ambao naupenda kwa kuwa hauna fahari yoyote. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari walitambua kwamba Turkana ilikuwa na wagonjwa wengi wa hidatidi, kwa kulinganisha na idadi ya watu, kuliko mahali pengine popote palipojulikana duniani. Ni ugonjwa utokao kwa tegu mdogo aishiye tumboni mwa mbwa. Mayai yake yakimwingia mtu hufanya mfuko wa maji katika ini au mapafu, nao hukua polepole miaka mingi, mpaka tumbo la mama asiye na mimba huonekana kama la mja mzito. Wanawake ndio walioumia zaidi, kwa sababu mbwa aliishi karibu nao na watoto wao. Kumpasua mgonjwa ni kazi ionekanayo. Mgonjwa huamka, hushukuru, na watu husimulia. Lakini kuuzuia ugonjwa ni kwenda kutoka boma hadi boma kuwapa mbwa dawa, kusema habari za kunawa mikono mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe ni shida, na kurudi tena baada ya majuma machache kufanya yale yale. Ukifaulu, hakuna kitakachotokea. Mtoto fulani hataugua. Hatajua kwamba angaliugua, wala hatakuja kukushukuru.

Ni nini kimfanyacho mtu aendelee na kazi ya namna hiyo kwa miaka ishirini? Mshahara hautoshi kuwa jibu, na sifa haipo. Hapa imani ya Kikristo ina neno ambalo silioni kwa dhahiri hivyo mahali pengine. Yesu wa Nazareti aliishi yapata miaka thelathini katika kijiji kisicho na jina, akijulikana kwa kazi ya useremala. Alifundisha kwa muda wa miaka mitatu hivi, na rafiki zake wa kwanza walikuwa wavuvi wa ziwa dogo kuliko Turkana. Mmoja alimsaliti, mmoja alimkana, wengine wakakimbia. Karani wa hesabu angalifunga daftari lake Ijumaa jioni na kuandika: hasara. Mkristo husema kwamba daftari lile halikufungwa siku hiyo, na kwamba Mungu alikuwa kazini hasa pale ambapo palionekana hapana kitu. Anayeamini hivyo haponi uchungu wa kushindwa. Atalia kama wengine wakati ghuba ikikauka. Lakini hana haja ya kuuliza kila jioni kama maisha yake yamekuwa na maana, kwa sababu maana yake haikuwekwa mikononi mwa matokeo.

Najua, msomaji makini, kwamba tangu nilipoutaja ule unga wa msaada umekuwa na neno kinywani. Utasema: Je, watu hawakuja kanisani kwa ajili ya unga? Wengine walikuja kwa ajili hiyo, na ni unafiki kulikana. Mwenye njaa huenda penye chakula. Na palipokuwa na sufuria na msalaba chini ya mti mmoja, ni nani awezaye kusema ni kipi kilichomvuta? Jambo hili liliwatia hofu wamisionari wenye busara, maana lilikuwa hatari kwa pande mbili. Mpokeaji alijifunza kuonyesha imani ili apate posho, na mtoaji alijifunza kuhesabu vichwa na kuviita roho. Mimi naona kwamba kosa halikuwa kumlisha mwenye njaa. Kosa lingekuwa kumwuzia. Yesu aliwalisha maelfu nyikani, na walipomtafuta kesho yake kwa ajili ya mkate hakuwaficha kwamba alijua sababu yao; wengi wakaondoka, naye hakuwakimbilia kwa mikate mingine. Msaada utolewao kwa upendo humwacha mtu huru kuondoka akiisha kushiba.

Wapo pia wasemao kwamba dini huwafundisha maskini kuridhika na umaskini. Palipohubiriwa hivyo, lawama ni ya haki. Kwa jambo lingine ulilo nalo moyoni nitasema kwa ufupi. Kusudi la juu halikuanza Turkana siku alipofika padre wa kwanza. Mzee aliyemwomba Akuj mvua, akachinja mbuzi wake akamgawia mgeni asiyemjua, alikuwa amelijua neno fulani la Mungu kabla ya kitabu kufika, naye Mwislamu wa Lodwar mwenye duka akopeshaye unga wakati wa njaa analijua pia. Mkristo hana sababu ya kuona wivu juu ya wema alioukuta umekwisha kumea.

Tuiache ghuba kidogo, tupite Lodwar tukielekea kaskazini-magharibi kilomita 120 hivi, mpaka Kakuma. Huko mwaka 1992 ilifunguliwa kambi kwa ajili ya maelfu ya vijana waliotembea kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan, wengi wao watoto wasio na wazazi. Baada yao walikuja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine. Nimesema kwamba maji ya Turkana huhama. Mkimbizi hana hata ufuko wa kuhamwa. Hajui atarudi kwao, au atapelekwa nchi ya mbali, au atazeeka kambini. Kwa muda mrefu hakuruhusiwa kutafuta kazi kama raia, na aliyefundisha shuleni kambini alipewa posho ndogo tu. Lakini tangu mwanzo watoto walifundishwa chini ya miti, makanisa ya udongo yakajengwa na wakimbizi wenyewe, na kwaya zikaimba kwa lugha ambazo mkoloni hakuwahi kuziweka katika boma moja. Mtu aliyefundisha hesabu kwa ubao uliopasuka, kwa watoto ambao huenda mwezi ujao wangetawanyika pande zote za dunia, hakuwa na matokeo ya kungojea. Alikuwa na watoto wa siku ile. Ukimwambia mtu huyo kwamba maisha ya kusudi huanza ukiisha kupata shahada na gari, atakutazama kwa huruma.

Na wewe usomaye? Yamkini uko Kalokol kwenyewe, na ada yako imelipwa kwa samaki wakavu waliobebwa na lori hata Busia na kuvuka mpaka Kongo. Yamkini uko Iringa au Tanga, na Turkana ni doa la rangi ya mchanga katika ramani yako. Usidhani kwamba nakuhimiza uwe padre, au mchungaji, au sista. Ukiitwa huko, nenda. Lakini kuna hatari katika neno wito, kwamba wengine hulivaa kama joho ili waonekane, na wengine hulitupia watumishi wa kanisa ili wao wenyewe wapate nafasi ya kuishi ovyo.

Tufanye kwamba utakuwa karani wa mizani katika chama cha wavuvi. Mama aja na kikapu cha ngege waliokaushwa. Hajui kusoma. Mizani yasema kilo 23. Ukiandika 21, hakuna atakayejua. Mwenye chama atafurahi, na wewe utapata chai. Kilo 2 si kitu. Lakini kwake kilo 2 ni daftari la mtoto, au dawa ya homa. Katika Injili ya Mathayo Yesu aliisimulia siku ya hukumu, akawataja watu waliomlisha na kumnywesha bila kujua kwamba ni yeye; waliposifiwa walishangaa, kwa sababu hawakuwa wameweka hesabu. Karani aandikaye 23 bila kujiona mtakatifu, kisha akaita kikapu kinachofuata, yuko karibu na watu hao. Na huenda mama yule asimshukuru, kwa kuwa hajui kwamba palikuwa na namba mbili.

Tangu mwaka 2019 na 2020 ziwa limepanda tena. Safari hii maji hayakukimbia, yalikuja. Yakaingia katika nyumba za watu wa Longech na kuwalazimisha kuhamisha vitu vyao. Samaki hukaushwa juani juu ya mchanga, kama walivyokaushwa kabla ya kiwanda. Ukijaliwa kufika huko siku moja, kama mwalimu au daktari au mnunuzi wa samaki, utamkuta kikongwe ameketi kivulini mwa mkoma. Msalimu, ukae. Kabla hujafungua mkoba wako wa makaratasi, mwulize maji yalikuwa wapi alipokuwa msichana. Atainua mkono akuonyeshe.